Maabara yaweza kuzalisha miche ya mweria, lakini gome lataka miaka

KAAGA, nje kidogo ya mji wa Meru, ni mahali ambapo jina lenyewe lina harufu ya dawa. Kwa Kimeru, aga ni waganga wa kimila, hasa wale waliokuwa wakitegua laana, na Kaaga hufasiriwa kuwa makao yao. Wamishonari wa Kimethodisti walipoanzisha kituo chao hapo mwaka 1912, walikuwa wamekaribishwa kwenye ardhi iliyokuwa na sifa zake tayari. Siku hizi panajulikana zaidi kwa shule na kwa Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2006.

Mganga wa zamani hakuhitaji kusafiri kutafuta dawa. Msitu wa Imenti umepakana na mji, na juu yake kuna misitu ya Mlima Kenya. Miongoni mwa miti iliyomfaa ni mweria, ambao Wakikuyu huuita muiri na wanasayansi huuita Prunus africana. Gome lake lilichemshwa kutuliza maumivu ya tumbo na kutibu mifugo, na mbao zake ngumu zikachongwa mipini ya majembe na mashoka. Kilichoubadilishia mti huu mkondo wa maisha kilitoka mbali sana na Meru.

Mwaka 1966, daktari Mfaransa, Jacques Debat, alipata hataza ya dawa iliyotengenezwa kutokana na gome la mweria kwa ajili ya wanaume wazee wanaosumbuliwa na kuvimba kwa tezi dume, hali inayowafanya waamke mara kadhaa usiku kwenda haja ndogo. Dawa hiyo ilipata soko kubwa Ulaya. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2002, iliyojumlisha majaribio 18 na wanaume zaidi ya 1,500, iliona kwamba inaleta nafuu ya wastani. Ifahamike kuwa nafuu hiyo ni ya uvimbe usio saratani. Mzee mwenye dalili hizo anapaswa kupimwa hospitalini kwanza, kwa sababu dalili za magonjwa haya mawili hufanana, na gome halitibu saratani.

Soko hilo lililishwa na misitu ya Afrika: Kamerun, Madagaska, Equatorial Guinea na Kenya. Mweria ukibanduliwa gome upande mmoja na kuachiwa upande mwingine, huweza kupona na kuota gome jipya. Ukibanduliwa ukazungushwa wote, hunyauka, kwa maana chakula kinachotengenezwa na majani hupitia gomeni kuteremka mizizini. Mvunaji mwenye haraka hakusubiri hesabu hiyo. Mara nyingi mti uliangushwa kabisa ili gome lipatikane hata matawini. Kufikia mwaka 1995, mweria ulikuwa umetiwa katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao unataka kila shehena inayovuka mpaka iwe na kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji hauhatarishi mti wenyewe. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha uagizaji wa gome kutoka Kamerun.

Misitu ya Meru nayo ilikuwa na majeraha yake. Uchunguzi wa angani uliofanywa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, mwaka 1999 ulionyesha jinsi misitu ya Mlima Kenya na Imenti ilivyokuwa imekatwa, kuchomwa makaa na kugeuzwa mashamba. Gome la mweria halikuwa chanzo kikuu cha uharibifu huo, lakini mti unaosakwa na mchoma makaa, mchonga mipini na mfanyabiashara wa dawa kwa pamoja hauna pa kujificha.

Ndipo linapokuja wazo linalozidi kutajwa kila mimea ya dawa inapozungumziwa: kuizalisha kwenye maabara, kwa kukuza tishu. Wakulima wa Meru wameliona jambo hili likifanya kazi kwa macho yao, katika migomba. Swali ni iwapo lililowezekana kwa mgomba litawezekana kwa mweria.

Msingi wa elimu hii ni wa zamani. Mwaka 1902 mwanasayansi wa Austria, Gottlieb Haberlandt, alidai kwamba kila chembe hai ya mmea imebeba uwezo wa kuwa mmea kamili, mradi tu ipate chakula na mazingira yafaayo. Yeye mwenyewe alijaribu akashindwa. Ilichukua zaidi ya nusu karne kupata majibu mawili yaliyokosekana. La kwanza lilipatikana mwaka 1957, pale Folke Skoog na Carlos Miller walipoonyesha kwamba homoni mbili ndizo zinazoamua: oksini ikizidi, kipande cha mmea huota mizizi, saitokinini ikizidi, huota machipukizi. La pili ni la mwaka 1962, pale Toshio Murashige, akiwa na Skoog huyo huyo, alipochapisha vipimo kamili vya chumvi na vitamini ambavyo tishu ya mmea huhitaji. Mchanganyiko huo ungali unatumika hadi leo katika maabara nyingi duniani, zikiwamo za Kenya.

Mkulima wa chai hapaswi kuona ajabu yoyote katika msingi huu. Kila mche wa chai wa aina ya 31/8 ulioko katika mashamba ya mlimani ni jani moja na kipande kifupi cha shina, lililochomekwa udongoni likafunikwa kwa karatasi ya nailoni hadi likaota mizizi. Miche hiyo yote ni mti mmoja uliozidishwa mara nyingi. Maabara hufanya jambo lilo hilo, ila kwa kipande kidogo zaidi na kwa usafi usiofikirika kitaluni.

Kazi huanzia kwenye mti mama uliochaguliwa kwa sifa zake. Fundi hukata ncha changa ya tawi, mahali palipo na jicho la kuchipua. Kipande huoshwa kwa maji na sabuni, huzamishwa kwenye spiriti kwa muda mfupi, kisha kwenye dawa ya jamii ya jiki, na kusuuzwa mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke mkali. Kuanzia hapo kila kitu hutendwa ndani ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa, visu vikichomwa motoni kila baada ya mkato. Chakula chenyewe ni jeli iliyogandishwa kwa agari, unga utokanao na mwani wa baharini, ikiwa na sukari, chumvi, vitamini na homoni. Hutiwa chupani na kupikwa kwa mvuke wa nyuzi 121 ili kuua kila kijidudu.

Sukari ndiyo inayoleta usumbufu wote huo. Kipande cha mmea kisicho na majani ya kutosha hakiwezi kujitengenezea chakula, basi hulishwa. Lakini chakula kitamu namna hiyo hakiliwi na mmea peke yake. Mbegu moja ya kuvu iliyojificha katika ukunjo wa jani hutosha kuifunika chupa nzima kwa ukungu katika siku chache.

Chupa zilizonusurika huwekwa katika chumba chenye joto la takriban nyuzi 25 na mwanga wa taa kwa saa 16 kila siku. Baada ya wiki kadhaa kipande kimoja huwa kishada cha machipukizi. Kishada hugawanywa, kila chipukizi huingia chupa yake, na mzunguko huanza upya. Ikiwa kila kimoja kinazaa vinne, kumi huwa arubaini, kisha 160, kisha 640. Hatua ya mwisho ya ndani ni kubadilisha homoni ili mizizi iote.

Hata hivyo, mche uliokulia chupani ni kama mtoto aliyelelewa bila kuguswa na upepo. Jani lake halina utando wa nta wa kulinda maji, na vitundu vyake vya kupumulia havijui kujifunga. Ukitolewa na kupandwa moja kwa moja juani, hukauka kabla ya magharibi. Ni lazima upitie kibanda chenye unyevu mwingi na kivuli, nailoni ikifunuliwa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Maabara nyingi hupoteza miche mingi katika hatua hii kuliko ndani ya chupa.

Kwa mgomba, gharama na usumbufu huo vimejilipa. Mpango wa kusambaza miche ya migomba ya tishu kwa wakulima wadogo wa Kenya ulianza katika miaka ya 1990, ukiihusisha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, KARI, iliyorithiwa na KALRO mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kule Juja nacho kikajijengea jina kwa miche hiyo. Mgomba haukuwa na mbegu, na machipukizi ya shambani yalikuwa yakihamisha fukusi, minyoo na ugonjwa wa kunyauka kutoka boma hadi boma. Mche wa chupani uliukata mnyororo huo. Zaidi ya hayo, mwenye kuupanda alivuna ndizi kabla ya miaka miwili kupita. Viazi mbegu vinavyosafishwa virusi kwa njia hiyo hiyo katika kituo cha utafiti cha Tigoni vina hadithi inayofanana.

Mweria una tatizo tofauti. Una mbegu, tena nyingi. Tunda lake jekundu lililo kama buni hupendwa na ndege na kima, ambao ndio waliokuwa wapanzi wake wakuu. Tatizo ni kwamba mbegu hiyo haivumilii kukaushwa na kuwekwa ghalani kama mahindi. Ikiachwa ovyo, hupoteza uwezo wa kuota katika wiki chache. Mti nao hauzai kwa wingi kila mwaka. Kwa hiyo kikundi cha wanawake chenye kitalu kinaweza kukaa msimu mzima bila mbegu, kisha kikapokea gunia la mbegu ambazo tayari zimekufa. Hapo ndipo hoja ya maabara inapopata nguvu: chupa haingoji msimu wa matunda.

Lakini mweria haukubali chupa kirahisi. Miti ya mbao iliyokomaa, tofauti na mgomba, hutoa maji yanayogeuka kahawia inapokatwa, kama tunda la tofaa lililoachwa wazi, na maji hayo huitia sumu jeli iliyozunguka kipande. Kemikali zilizomo katika miti ya dawa huufanya usumbufu huo kuwa mkubwa zaidi. Isitoshe, tawi la mti uliokaa msituni kwa miongo mingi limejaa kuvu na bakteria wanaoishi ndani ya tishu yenyewe, mahali ambapo jiki haifiki. Jambo la tatu ni umri. Tishu ya mti mzee huchipua kwa shida na kuota mizizi kwa shida zaidi, ilhali tishu ya mche mchanga hukubali. Na hapa pana kitendawili kinachowasumbua wataalamu wa miti kote duniani: mche mchanga unaokubali chupa haujaonyesha bado kama gome lake litakuwa na dawa ya kutosha, na mti mzee uliokwisha kuonyesha ubora wake ndio unaokataa.

Tuseme vikwazo hivyo vyote vimeshindwa. Bado kuna jambo ambalo hakuna homoni inayolibadilisha. Mweria huhitaji takriban miaka 12 hadi 15 kabla gome lake halijafaa kuvunwa. Maabara hufupisha safari ya kutoka jichoni hadi kwenye mche, safari ambayo hata kitaluni si ndefu. Kile kipande kirefu, cha kutoka mche hadi gome, kinabaki vile vile. Mkulima wa Kaaga mwenye ekari moja ana chai, kahawa, migomba, nyasi za ng'ombe na huenda miraa, na kila kimoja kati ya hivyo kina mnunuzi anayejulikana na siku ya malipo inayojulikana. Kumwambia apande mti ambao karo itakayotokana nao ni ya wajukuu, kwa bei ambayo hakuna aliyemwahidi, ni kumwomba msaada wala si kumpa biashara. Mche wa maabara, ulio ghali kuliko wa mbegu, humfanya asite zaidi.

Tena kuna hatari ya ufanano. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba miti ya mweria ya nchi mbalimbali za Afrika inatofautiana sana. Tofauti hizo ndizo akiba ya mti huu dhidi ya maradhi na mabadiliko ya tabianchi. Kloni moja ikisambazwa kutoka Meru hadi Embu, ugonjwa mmoja utakaoijua utaijua yote. Wakulima wa chai wanalielewa hili, na ndiyo sababu hushauriwa wasitegemee aina moja shambani. Kwa msitu unaokusudiwa kurudishiwa uhai wake, kupanda maelfu ya miti iliyo nakala ya mti mmoja ni kurudisha kivuli bila kurudisha ukoo.

Isidhaniwe kwamba maabara haina kazi katika mimea ya dawa. Ina kazi kubwa, ila hasa kwa mimea mifupi na ya haraka. Mukombero, unaotafunwa mizizi yake na wakazi wa magharibi mwa Kenya, ni mfano mzuri. Kuuvuna ni kuung'oa, na kuung'oa mara nyingi ni kuuua, lakini watafiti wa Afrika Kusini walieleza tangu mwaka 1998 jinsi ya kuuzidisha chupani. Aloe, ambayo uvunaji wake wa porini ulipigwa marufuku kwa amri ya rais mwaka 1986, nayo huzidishwa bila taabu kubwa. Hata pakanga ya Kichina, Artemisia annua, ambayo mbegu zake ni ndogo kiasi cha gramu moja kuwa na zaidi ya 10,000, hufaidika, kwa kuwa kiasi cha dawa hutofautiana mno kati ya mmea na mwenzake na aliye bora huhitaji kunakiliwa.

Pakanga hiyo ina funzo jingine ambalo wakulima wa Afrika Mashariki hawajalisahau. Shirika la Afya Duniani lilipohimiza dawa mseto za malaria zenye artemisinini, na Kenya kubadilisha sera yake mwaka 2004, bei ya majani ilipaa. Wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania walipanda kwa mikataba ya kiwanda cha Athi River. Kufikia mwaka 2007 dunia ilikuwa imezalisha kupita kiasi na bei ikaporomoka. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza kuitengeneza kwa kutumia hamira iliyobadilishwa chembe za urithi. Zao la miezi michache liliwaponyoka waliolipanda. La miaka 15 lina nafasi nyingi zaidi za kuponyoka.

Mfano wa karibu zaidi na mweria unatoka Marekani. Paklitakseli, dawa ya saratani iliyoidhinishwa huko mwaka 1992, ilitolewa kwanza kwenye gome la mti uitwao Taxus brevifolia, na miti mingi ikabanduliwa. Baadaye watengenezaji walihamia kwenye majani ya mti wa jamii hiyo hiyo, na hatimaye kwenye matangi ambamo chembechembe za mti huelea katika chakula na kutoa dawa bila mti wowote kuwapo. Huo nao ni ukuzaji wa tishu, na kwa msitu ni habari njema. Kwa yule anayetunza mti akitarajia kuuza gome, ni habari ya kumkosesha usingizi.

Ndiyo maana suala la nani mwenye kloni si la wanasheria peke yao. Ncha ya tawi iliyokatwa Imenti inaingia katika chupa ndogo, na chupa hupita uwanja wa ndege bila kishindo. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kijenetiki, zinazosimamiwa na NEMA, zinataka kibali na makubaliano ya kugawana faida kabla ya yeyote kuzichukua. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inasisitiza hivyo kimataifa, na sheria ya mwaka 2016 inalinda maarifa ya jadi. Hataza ya mwaka 1966 ilipatikana kabla ya haya yote. Waganga wa mlimani waliolijua gome hilo kabla ya Debat hawamo katika hesabu zake.

Kwa sasa, njia iliyo karibu na mfuko wa mkulima haimo maabarani. Ni mbegu mbichi inayookotwa chini ya miti kadhaa iliyo mbalimbali, ikaoshwa nyama ya tunda siku hiyo hiyo na kupandwa kivulini kabla haijakauka. Pale mbegu isipopatikana, vipandikizi vyenye majani huota mizizi vikitiwa homoni na kufungiwa ndani ya kisanduku cha nailoni chenye unyevu, mbinu ambayo watafiti wa kilimo mseto wameitumia kwa mweria na ambayo haihitaji umeme wala kabati la hewa safi. Mikaratusi ya kloni iliyoletwa Kenya kutoka Afrika Kusini mwaka 1997 ilienea nchini kwa vipandikizi. Chupa inaweza kubaki kwa kazi inayoistahili: kuhifadhi nakala za miti michache iliyosalia mahali panapohatarishwa, na kulea vijusi vya mbegu ambazo zisingeota peke yake.

Anayetaka kuanza msimu huu atahitaji mifuko ya miche, udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga, na mtu wa kuwafukuza kima. Atahitaji pia kuiuliza ofisi ya Huduma ya Misitu, KFS, ni wapi anaruhusiwa kuokota matunda, na kuweka maandishi ya tarehe na mahali alipopanda kila mti. Siku ya kuvuna gome, maandishi hayo ndiyo yatakayomsaidia kuthibitisha kwamba mti ulikuwa wake wala haukutoka Imenti.